Kaburi Juu ya Mkongo

Mliniacha shimoni mkaenda zenu kula na kulala. Haya, mmerudi. Mimi niko pale pale, nimesimama kwenye udongo mwekundu wa Kapoko, ncha ya mkongo uliokatika iko mkononi, na jeneza linakuja.

Aliyekosa gazeti la wiki jana asihangaike. Naitwa Bana Chola, yaani mama yake Chola. Mkongo wa mtandao ukikatika popote kati ya Mpika na mpaka wa Nakonde, mimi ndiye mkandarasi wa kuufukua na kuuunga. Siku hiyo asubuhi ulikatika, miji mitatu ikabaki bila mtandao. Tukapima mwanga unaopita ndani yake umefia wapi, tukafuata, tukaingia porini nyuma ya kijiji. Shimo tukalikuta wazi. Nikasema hawa ni wezi wa shaba tu, nikarukia ndani kwa hasira. Kumbe si shimo la wezi. Ni kaburi, jipya, la siku hiyo hiyo.

Na nyimbo zilikuwa zinakaribia.

"Mama, toka humo!" Aliyefoka ni Ngosa, mkubwa wa wachimba kaburi, kifua wazi, shoka begani. "Mwenyewe yuko njiani."

"Nani amekata hii?"

"Hii nini?"

"Hii nyeusi hapa."

"Ah, ule mzizi. Ulitusumbua kweli. Ikabidi shoka."

"Baba, umeona wapi mzizi umeandikwa namba?"

Akainama, akatazama. Akajikuna shingo. "Tulisema labda mzizi wa kizungu."

Siku nyingine ningemtoa roho. Siku ile sikuwa na nguvu hata za kutukana. Huo ulikuwa mkato wa tatu wiki ile. Tulitoka Isoka tukaenda Chinsali, tukatoka Chinsali tukaja hapa, tunakula ndani ya gari, tunalala tumekaa kama magunia.

Juu ya shimo alisimama Sichone, fundi wangu wa kuunga nyuzi, mtu wa Nakonde, mkimya, macho mekundu kama aliyepikia kuni mbichi.

"Ba Sichone, ncha zinafikiana?"

"Hazifikiani."

"Hata tukivuta?"

"Wamekata pande mbili. Kipande cha katikati hakipo."

Nikamgeukia Ngosa. "Kipande kiko wapi?"

"Kipo, mama, hakijapotea. Tumefungia vishikio vya jeneza. Kamba nzuri ile, haikatiki."

Jamani, haikatiki! Nikafumba macho. Na simu nayo, ya kampuni nyingine isiyotegemea mkongo huu, ikachagua wakati huo huo kuita.

Alikuwa Injinia Mwiinga, wa Lusaka, mwenye kalamu ya kampuni. Mtu wa Choma huyu, mfugaji wa ng'ombe moyoni, hajawahi kushika mkongo lakini bei zote anazijua kwa kichwa.

"Bana Chola, nini tena?"

"Kaburi, Injinia. Wamechimba kaburi juu ya mkongo."

"Waambie wachimbe pengine."

"Huku kaburi likishachimbwa haliachwi tupu. Ukiliacha tupu linaita mwingine."

"Hayo ni yenu. Kampuni ina haki ya kupita hapo. Niwaite polisi?"

"Ukileta polisi msibani, kesho mkongo huu utakatwa kila kijiji mpaka mpakani. Na hawatasema walidhani mzizi."

Akavuta pumzi. "Basi zunguka."

"Kuzunguka ni mfereji mpya, Injinia. Ni kipande kipya cha mkongo, na viungo viwili badala ya kimoja. Na ardhi ya hapa ni mawe matupu."

"Bei ni bei, Bana Chola. Uliitaja mwenyewe, hukushikiwa bunduki."

"Nimesikia."

"Bado hujasikia. Asubuhi ya leo kuna mtu ameniletea bei ya kipande cha kaskazini, Isoka mpaka Nakonde. Chini yako, na si kidogo. Mwanga ukirudi kabla ya saa kumi na mbili jioni, bei yake naichana, barabara yote inabaki yako. Usiporudi, kaskazini namkabidhi yeye." Akakata.

Kaskazini ikienda, na mimi nimekwenda.

Subirini kidogo niwaeleze kwa nini, maana kuna msomaji wa Tunduma aliuliza eti uzi mwembamba kuliko unywele unawezaje kuungwa kwa bei ya ng'ombe. Ndugu yangu, unachokilipia si uzi.

Zamani tulilipwa kwa vipande. Kuitwa tu, bei. Mwendo wa gari, bei. Kila uzi unaoungwa, bei yake. Mfereji kwa mita, mchanga bei ya chini, mawe bei ya juu. Basi ukawa muujiza: mkandarasi akifika tu, mchanga wote unageuka mawe. Mahali pa kiungo kimoja vinawekwa viwili. Kuna watu wamejenga ghorofa Kasama kwa mawe ambayo hakuna aliyewahi kuyaona.

Kampuni ikachoka kuibiwa. Ikasema sasa ni bei moja kwa kila mkato. Taja bei yako. Ukikuta mchanga, bahati yako. Ukikuta mwamba, au kiboko amelala juu yake, shauri yako. Wa chini kuliko wote anapewa kazi.

Nikapewa mimi. Na bei moja inaishi hivi: mikato rahisi inailisha ile migumu. Kaskazini kule udongo ni laini, unachimba kama unachota unga, asubuhi umefika, mchana umemaliza. Faida ya kule ndiyo inayobeba hasara ya huku. Nikinyang'anywa kaskazini nabaki na mawe na makaburi, kwa bei ile ile. Mwezi mmoja tu nimekwisha, mimi na gari langu na watu wangu wote.

Mmeelewa? Haya, turudi shimoni. Jeneza limefika.

"Mama, nakuomba," Ngosa alisema, sasa kwa sauti ya kubembeleza. "Wakikukuta humo nitasemaje mimi?"

"Marehemu ni nani?"

"Bibi Malita."

"Ukoo gani?"

"Chui."

"Na nyinyi wachimbaji?"

"Sisi Mbuzi. Nani mwingine amzike Chui?"

Mayo! Mimi ni Mbuzi kwa mama yangu mzazi, na huku ukoo ni wa mama. Chui amekula mbuzi tangu dunia iumbwe, ndiyo maana chui akifa, mbuzi ndiye anayechimba, ndiye anayezika, na ndiye anayetukana. Siku ya msiba mtani hakasirikiwi. Afanye atakalo, wenye msiba watamlipa aache.

Basi sikupanda juu. Nikalala chali kaburini, mikono kifuani.

Niwaambie ukweli? Mgongo ulipogusa ule udongo wa baridi, nilitamani wanisahau humo. Tangu Jumanne sikuwa nimenyoosha miguu.

"Nani huyo kaburini mwa dada yangu?" Sauti ilikuwa ya mzee Ng'ambi, Bashikulu kwa heshima, kaka wa marehemu, mwenye msiba. Mzee mrefu, koti jeusi, kinywa kimebaki na meno ya kuhesabu.

"Mbuzi!" nikajibu.

Nyimbo zikakatika.

"Mbuzi wa wapi?"

"Wa Mpika, Bashikulu. Na sitoki! Dada yako amenila maisha yake yote, leo anataka kunilalia na kamba yangu!"

Mwanamke mmoja akacheka, akajiziba mdomo na kitenge. Halafu binti wa marehemu mwenyewe akacheka, machozi yanamtiririka, na hapo wote wakaangua.

"Toka, mnuka we! Utamnukia dada yangu."

"Vizuri. Atajua nimekuja kumzika."

"Hebu mwoneni alivyonenepa. Mwaka wa njaa angetufaa huyu."

"Njoo unile basi. Meno unayo?"

Kelele zikawa kubwa, hata wabeba jeneza wakaliweka chini wapate kucheka. Ng'ambi naye alikuwa anatabasamu huku anafuta macho. Akaingiza mkono kwenye koti, sarafu za kwacha zikanidondokea tumboni.

"Haya, umelipwa. Toka."

"Chukua hela zako. Nataka majembe."

"Majembe?"

"Kila mwanamume mwenye mikono hapa. Mnichimbie mfereji, unaanzia pale kwenye kichuguu, unazunguka kaburi, unapita nyuma ya ule mti wa msuku, unaishia kule kwenye jiwe. Kina cha kiuno. Mkikubali natoka sasa hivi, na Bibi Malita anashuka bila kusubiri. Mkikataa tutalala wawili humu."

Akaupima mfereji kwa macho, kutoka kichuguu mpaka jiwe. Watu wakamtazama. Mimi natazama mbingu tu.

"Sawa," akasema. "Lakini na wewe sikia. Mtani haondoki katikati. Ukitoka humo unafukia kwa mikono yako mpaka mwisho, halafu unalala msibani na kesho unapika. Usije ukaruka kwenye gari lako ukatuacha."

"Nimekubali."

"Mbele ya watu wote hawa?"

"Mbele ya watu wote, na mbele ya dada yako."

Ngosa akanivuta juu kama gunia la mihogo. Sichone alikuwa analikodolea macho jeneza.

"Na kile kipande chetu?" aliuliza. Hakuwa anatania. Sichone hatanii.

"Kiache. Ashuke nacho."

"Akifika huko," Ng'ambi akadakia, "atakuwa wa kwanza kupata mtandao. Atapata habari zenu zote, Mbuzi nyinyi!"

Wakacheka tena, halafu binti akapiga yowe, na kicheko kikageuka kilio palepale. Ndivyo misiba yetu ilivyo.

Jembe likaanza. Wasomaji, sijawahi kuona mfereji ukienda vile. Wenye sururu walitangulia kuvunja mawe, wenye majembe wakafuata, wazee wakasimama kando kuwatukana wavivu. Vijana wangu wawili wa kuchimba wakafukua ncha za zamani pande zote mbili na kulaza kipande kipya, kile nilichokuwa nimekitunza kwa ajili ya daraja la Chambeshi. Kimeondoka hicho, na hakuna wa kunilipa. Bei moja ilikwishakimeza.

Sichone akakaa kwenye kigoda chini ya mwavuli wa mwinjilisti, mashine ya kuungia iko magotini. Kazi yake ilikuwa ile ile ya siku zote: menya uzi, futa, kata ncha, ingiza kwenye mashine, funga kifuniko, ngoja cheche, toa, visha kifuko chake, choma. Rangi kwa rangi, bluu kwa bluu, chungwa kwa chungwa. Uzi mmoja ukikosea njia, mtu wa Kasama anapiga simu kwa shangazi yake anapokea mwenye kiwanda cha saruji.

Mimi nikapewa koleo.

Mahubiri yalikuwa marefu. Mwinjilisti alianzia Adamu. Nilikuwa nimeegemea mpini, na nadhani nilisinzia nimesimama, maana niliposhtuka tulikuwa kwa Musa na Ngosa ananipiga kiwiko.

"Mbuzi, unakoroma."

"Sikoromi. Naomba."

Jeneza likashuka, na vishikio vyake vyeusi. Tukaanza kufukia. Vumbi likapanda jekundu, likaelekea moja kwa moja kwenye mwavuli.

"Bana Chola!" Sichone aliita. "Waambie wasitimue vumbi."

"Ni mazishi, Ba Sichone!"

"Mashine imekataa. Uzi una uchafu."

"Urudie."

"Huu narudia mara ya tatu."

Nikamwendea. Mikono yake ilikuwa inatetemeka. Kidogo tu, lakini uzi ule hautaki hata kidogo. Alishika pumzi, akauingiza tena, akafunga. Cheche. Akatazama kioo. Akatikisa kichwa, akaanza upya.

"Pole, fundi wangu."

Akamenya uzi mwingine. Nikasema amechoka. Sote tumechoka. Nikaomba shuka za msibani, wanawake wakazishika kuzunguka mwavuli kuzuia upepo, wakawa wanaimba hapo hapo walipo. Nyuzi zikaanza kukubali. Kiungo cha kwanza kikafungwa kwenye kopo lake, kikashushwa shimoni. Wakahamia cha pili, kule kwenye jiwe.

"Mbuzi! Koleo!" Ng'ambi hakuwa ananipa nafasi.

Nikafukia. Malengelenge yakapasuka viganjani, udongo ukaingia humo humo. Jua likashuka juu ya misuku. Watu wakaanza kupanga mawe juu ya tuta.

Simu ikaita. Mikono yangu ilikuwa matope mpaka viwikoni, nikamwambia Ngosa aitoe mfukoni mwangu. Akaibonyeza-bonyeza, akaiweka spika, akaishika mbele yangu kwa heshima kama sahani ya sadaka. Tukasogea kwenye mwavuli nisikie vizuri.

"Bana Chola. Saa kumi na moja na nusu imepita."

"Tunamaliza, Injinia. Kiungo cha pili, zimebaki nyuzi chache."

"Ngapi?"

Nikamtazama Sichone.

"Nne," akasema.

"Umewahi basi!" Mwiinga akacheka, kicheko cha mtu aliyekula mchana. "Mimi nilikwisha kukuandika marehemu. Hongera. Maana huyu mpinzani wako bei yake ni nzuri, nzuri kabisa, kuichana itaniuma."

"Ni nani? Wale wa Kasama?"

"Hujui?"

"Ningejua ningeuliza?"

"Aa, mimi nilidhani mmepatana! Muulize huyo aliyeshika mashine."

Wanawake waliendelea kuimba. Walikuwa hawajasikia. Ngosa alisikia, na mkono wake wenye simu ukashuka kidogo.

"Ba Sichone."

"Naam."

"Ni kweli?"

"Ni kweli." Hakuinua uso. Alikuwa anafuta uzi.

"Lini?"

"Leo asubuhi. Mlipokuwa mnapima, nilimpigia."

"Ukiwa ndani ya gari langu! Unakula chakula changu, unanichimbia chini!"

"Sikutaka barabara yako, Bana Chola. Nimeomba kipande kile tu. Ndiko kwangu. Mkongo ukikatika naenda kwa baiskeli, naunga, jioni niko nyumbani, nalala kitandani na mke wangu. Ndiyo maana bei yangu ni ya chini. Sina safari ya kulipia."

"Ungeniambia!"

"Nilikwambia Isoka. Nikakwambia tena Chinsali. Nilisema kazi hii inataka timu mbili, moja ikifanya nyingine ilale. Ukasema tukiweka timu mbili bei inapanda, tunanyimwa."

"Na tungenyimwa!"

"Tungenyimwa," akakubali. Sauti yake haikuwa na ugomvi wowote, na hicho ndicho kilichonitia hofu. "Uliweka bei ya mafuta. Ukaweka ya makopo, ukaweka mpaka kuku wa kila mkuu wa kijiji. Usingizi wangu uliuweka wapi?"

Nilitaka kumjibu. Niliutafuta huo usingizi katika hesabu yangu yote, kutoka juu mpaka chini. Haukuwamo. Wake haukuwamo, wala wangu haukuwamo. Ndiyo maana nilikuwa wa chini kuliko wote.

"Bana Chola," Mwiinga aliita kutoka mkononi mwa Ngosa, "hayo ya familia mtamaliza wenyewe. Mimi neno langu ni lile lile. Mwanga ukirudi kwa wakati, yake naichana."

Sichone akasikia. Akazitazama zile nyuzi nne, zimenyooka kwenye trei, nyembamba, huwezi kuziona mpaka ziguswe na jua. Akiziunga, anachana bei yake kwa mikono yake mwenyewe. Asipoziunga, kitanda chake kipo Nakonde kinamngoja.

"Ba Sichone, nitakuongezea malipo," nikasema. "Naapa. Kuanzia leo."

"Kwa bei ipi? Bei ni bei."

"Tutaona. Tutakaa, tutapanga."

"Tutapanga lini? Kesho Mpika, keshokutwa Chinsali." Akafunga kifuniko cha mashine. Akaifuta kwa kitambaa, taratibu, kama anavyofanya kila siku kazi ikiisha. Akainuka, akaiweka juu ya kigoda. "Sitakuharibia. Hizo nne nimezimenya, nimezifuta, zimekaa tayari. Lakini na mimi siziungi."

"Unakwenda wapi?"

"Kulala."

Akaokota koti lake. Akapita katikati ya wanawake, wakampisha, wakidhani anakwenda kujisaidia. Akapita kando ya tuta la Bibi Malita, akavua kofia, akaivaa tena, akashika njia ya barabarani.

"Sichone!"

Hakugeuka.

Nikatupa koleo nimkimbilie. Mkono ukanikamata bega. Bashikulu Ng'ambi.

"Wewe Mbuzi! Bado mawe. Uliapa mbele ya dada yangu."

"Bashikulu, niachie, dakika moja tu."

"Mtani haondoki katikati. Hata hatua moja."

Watu wote walikuwa wananitazama. Vijana wangu wawili walikuwa wananitazama pia. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuigusa mashine ile. Mimi mara ya mwisho kuunga uzi, Chola alikuwa ananyonya, na sasa mikono yangu ilikuwa udongo wa kaburi mpaka ndani ya malengelenge.

"Maji," nikasema. "Nipeni maji ya kunawa, niziunge mwenyewe."

"Yameisha, mama," alisema binti wa marehemu. "Mpaka tufike nyumbani."

"Bana Chola?" Mwiinga aliita. "Mbona kimya? Mbona sioni mwanga?"

Kule barabarani lori la kwenda Tunduma kupitia Nakonde lilikuwa linapunguza mwendo. Likawasha taa nyekundu, likasimama, na Sichone akapanda.